Namna ya Kupata Chakula cha Ujerumani na Uswisi Ukiwa Afrika Mashariki: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Kila anapohamia mtu Dar es Salaam, Arusha au Nairobi akitokea Ujerumani au Uswisi, maswali huwa ni yale yale: mkate wa rai (nafaka ya Ulaya inayofanana na ngano) unapatikana wapi, Quark (jibini laini jeupe la maziwa yaliyochachushwa) huku inaitwaje, na jibini la kuyeyusha linauzwa duka gani. Wanaouliza si wageni peke yao. Huuliza pia wake na waume wa Wajerumani na Waswisi, wapishi wa nyumba za wageni, na ndugu zetu waliosoma Stuttgart au Zürich wakarudi nyumbani na hamu ya vyakula vya huko. Mimi niliishi kusini mwa Ujerumani miaka tisa, nikaolewa na mtu wa jimbo la Bern, na tangu turudi Dar es Salaam nimeyajibu maswali haya mara nyingi kiasi kwamba nimeona bora niyaandike mahali pamoja.

Kabla ya yote, shika jambo hili: usitafute jina la chakula, tafuta kile kilichomo ndani yake. Ukiingia dukani na kuuliza Quark, utaambiwa haipo. Ukiuliza mtindi usio na sukari, umeshaipata Quark nusu yake. Watu wengi hukata tamaa katika mwezi wa kwanza kwa sababu wamepita rafu kwa rafu wakisaka nembo walizozizoea, huku kiungo wanachokihitaji kikiwa sokoni wanakopita kila siku.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mizani ndogo ya jikoni inayopima gramu. Mapishi ya Kijerumani na ya Uswisi hupima kwa uzito, wala kikombe hakitakusaidia.
- Kitambaa cha melimeli au kitambaa chepesi cha pamba kisicho na rangi, pamoja na chujio pana.
- Mtungi wa kioo wenye mdomo mpana, wa lita mbili au tatu.
- Kikwaruzo chenye matundu makubwa, kama kile cha karoti.
- Oveni unayoifahamu tabia yake. Kipimajoto cha oveni kinafaa sana, kwa kuwa oveni nyingi za gesi hazisemi kweli.
- Nafasi katika friji na, ukiweza, katika friza.

Hatua ya 1: Andika orodha na uigawe mafungu matatu

Kaa na familia yako, au na mgeni unayempikia, muandike vyakula kumi mnavyovikosa zaidi. Kisha kila kimoja ukiweke katika fungu lake: kinachopatikana huku, kinachotengenezwa nyumbani, na kinacholetwa na msafiri. Utashangaa jinsi fungu la tatu lilivyo dogo. Rösti ni viazi na mafuta. Spätzle, tambi fupi za kusini mwa Ujerumani, ni unga, mayai, maji na chumvi. Sauerkraut ni kabichi na chumvi. Birchermüesli, ambayo daktari Maximilian Bircher-Benner aliwapa wagonjwa wake mjini Zürich, ni tufaha lililokwaruzwa, shayiri bapa (oats) iliyolowekwa, maji ya limau, maziwa na njugu za aina yoyote. Kwangu korosho imechukua nafasi ya lozi na hakuna aliyelalamika.

Katika fungu la tatu mara nyingi hubaki unga wa rai, jibini halisi la Gruyère au Appenzeller, chachu kavu ya mkate wa rai (si hamira ya kawaida), na viungo vya chupa kama Aromat, ambayo Mswisi huinyunyizia karibu kila kitu.

Hatua ya 2: Jifunze maneno ya paketi na ya vitabu vya mapishi

Makosa mengi huanzia kwenye kusoma, hata kabla jiko halijawashwa.

Kümmel ni kisibiti, na Kreuzkümmel ni bizari nyembamba, ile tunayoiita pia uzile au jira. Ukitia bizari nyembamba katika Sauerkraut kwa kudhani ni Kümmel, utapata harufu ya pilau. Ukikosa kisibiti, acha kabisa, usibadilishe. Paprika kwa Mjerumani huweza kuwa pilipili hoho yenyewe au unga wake, kwa hiyo angalia kama mapishi yanasema gramu au kijiko. Natron ni soda ya kuokea, jina lile lile la ziwa letu lililo kaskazini mwa Tanzania, na chanzo cha jina ni kimoja.

EL ni kijiko cha chakula, TL ni kijiko cha chai, na Msp. ni kiasi kinachokaa kwenye ncha ya kisu. Waswisi hupima vimiminika kwa desilita: dl 1 ni mililita 100. Pfund ni gramu 500. Oveni yenye feni, iitwayo Umluft, huwekwa nyuzi kama 20 chini ya oveni ya kawaida.

Unga wa ngano wa Ujerumani huandikwa namba: 405, 550, 1050. Namba hiyo ni miligramu za majivu zinazobaki baada ya kuchoma gramu 100 za unga mkavu. Kadiri inavyokuwa kubwa, ndivyo pumba za nafaka zilivyo nyingi zaidi. Kwa hiyo unga wetu mweupe wa maandazi unatosha pale palipoandikwa 405 au 550. Pale panapotakiwa 1050, au Ruchmehl ya Uswisi, mimi huchanganya sehemu mbili za unga mweupe na sehemu moja ya unga wa atta.

Hatua ya 3: Zunguka kwanza kwa wazalishaji wa karibu

Kabla hujatoa fedha nyingi kwa jibini lililokuja kwa ndege, fahamu kuwa nyanda zetu za juu zina ng'ombe wa maziwa na hewa ya baridi, na watu wamekuwa wakitengeneza jibini huko kwa miaka mingi. Kule Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, shamba la Irente lililo chini ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri limejulikana kwa muda mrefu kwa jibini, jemu na mkate wa rai. Huko huko Usambara masista nao huuza jibini na jemu. Nchini Kenya kuna Brown's huko Limuru na Doinyo Lessos huko Eldoret. Wasomaji wa Goma, Bukavu na Kigali wanalo jibini la Masisi, ambalo ladha yake ni ya upole inayokaribia Gouda na ambalo huyeyuka vizuri sana.

Nyumba za watawa zinastahili kutajwa peke yake. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien kutoka Bavaria walifika Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906, na katika monasteri za namna hiyo utakuta bustani, mifugo na karakana za kila aina. Ukipita karibu, uliza kwa adabu kama kuna duka na siku gani linafunguliwa. Usiende Jumapili asubuhi ukitarajia kuuziwa.

Sehemu nyingine ni mabazaa ya Krismasi katika shule na jumuiya za Wajerumani, na sherehe ya Waswisi ya tarehe 1 Agosti. Huko ndiko utakakokutana na mama fulani anayeoka mkate wa rai jikoni kwake kila Ijumaa kwa oda. Chukua namba yake ya simu siku hiyo hiyo, kwa sababu watu wa namna hii hawaweki mabango barabarani.

Hatua ya 4: Tengeneza Quark yako

Hii ndiyo hatua ninayoipenda zaidi, kwa sababu huku tuna bahati. Mtindi wetu, au maziwa lala kama wanavyosema Kenya, huchachuka katika joto la kawaida la chumba na hubeba bakteria wa uchachu wanaokaribiana na wale wa Quark, kuliko ilivyo kwa yogati ambayo huhitaji joto la juu.

1. Chukua lita 2 za mtindi usio na sukari wala vizito (kama wanga au jelatini) vilivyoongezwa. Soma paketi.
2. Weka chombo cha mtindi ndani ya sufuria ya maji ya moto kiasi, mtindi wenyewe ufike nyuzi 35 hadi 40 hivi. Kidole kikiingia kisione moto wala baridi, inatosha. Usikoroge. Uache kama saa moja, mpaka maji ya kijani-njano yajitenge.
3. Mimina taratibu kwenye kitambaa cha melimeli kilichotandazwa juu ya chujio, kisha uweke yote kwenye friji usiku kucha.
4. Asubuhi utapata nusu kilo na zaidi kidogo. Ikoroge mpaka iwe laini. Ikiwa nzito mno, rudishia kijiko kimoja au viwili vya yale maji.

Yale maji usiyamwage, yanafaa sana kukandia unga wa mkate.

Onyo: usitumie mtindi wa maziwa mabichi ambao hujui umetoka wapi. Ugonjwa wa brusela huambukizwa kwa maziwa yasiyochemshwa, na uchachu peke yake hauuondoi. Onyo la pili: usiharakishe kwa kuchemsha. Mtindi ukipita nyuzi 50 huwa chengachenga ngumu, na keki ya jibini utakayoioka kwa hiyo itakuwa kama mchanga.

Hatua ya 5: Chachua kabichi

Pima kabichi baada ya kuikata nyembamba, halafu utie chumvi gramu 20 kwa kila kilo moja. Ukiwa pwani, fanya 25, kwa sababu joto huharakisha uchachu na chumvi huuzuia kidogo. Ikande kwa mikono dakika kumi mpaka itoe maji yake, ishindilie katika mtungi, na uhakikishe maji yanaifunika kabisa. Jani zima la kabichi na kijiwe safi juu yake vitaishikilia chini. Mfuniko usikazwe, kwa kuwa hewa inayozalishwa lazima itoke.

Hapa vitabu vya Ulaya vitakupoteza. Vinasema wiki tatu hadi nne, lakini vinazungumzia chumba cha nyuzi 18 hadi 20. Lushoto, Njombe au Limuru unaweza kuvifuata. Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, anza kuonja siku ya tano, na ikishakuwa chachu kiasi unachopenda, ihamishie kwenye friji. Kabichi yangu ya kwanza niliiacha wiki tatu mwezi wa Februari kwa kufuata kitabu, nikaikuta imelainika kama uji, nikaimwaga yote.

Hatua ya 6: Spätzle na Rösti

Kwa watu wanne, changanya unga gramu 400, mayai 4, chumvi kijiko cha chai, na maji kiasi cha dl 1.5 hadi 2. Upige kwa mwiko mpaka utoe mapovu na udondoke kwa uzito kutoka kwenye mwiko. Subiri nusu saa. Kisha usukume kupitia matundu makubwa ya chujio la bati ndani ya maji yanayochemka yenye chumvi, vikielea, viopoe. Waswisi huviita Knöpfli. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo viongezee dakika moja.

Rösti ya Bern hutaka viazi vilivyochemshwa na maganda jana yake na kulala kwenye friji. Vimenye, uvikwaruze, uvitie chumvi, na uvikaange kwa siagi taratibu bila kuvigusagusa mpaka upande wa chini uwe na ganda la dhahabu, ndipo uvigeuze kwa msaada wa sahani. Viazi vya Shangi, vinavyouzwa sana Kenya, hulainika na kupasuka upesi, kwa hiyo vitoe jikoni vikiwa bado vigumu kidogo katikati.

Hatua ya 7: Mkate

Nianze na ukweli usiopendeza. Mkate wa rai hauwezi kutengenezwa bila rai. Nimejaribu ulezi, nimejaribu mtama. Rangi hupatikana, lakini rai hushika maji kwa namna yake yenyewe, na utamu wake mchachu hautoki kwenye nafaka nyingine. Mkate wa ulezi na atta ni mzuri kwa supu, ila usimpe mtu wa Westfalia ukimwambia ni wa kwao. Unga wa rai uuagize kwa msafiri, na ukifika uweke kwenye friza siku tatu ili kuua mayai ya wadudu.

Zopf, mkate wa kusokotwa wa Jumapili ya Waswisi, hauhitaji chochote kutoka nje: unga mweupe kilo 1, siagi gramu 120, maziwa dl 6, hamira kavu gramu 14, chumvi kijiko cha chakula, na yai la kupaka. Ukande angalau dakika kumi na tano. Pwani unga huumuka chini ya saa moja na hupita kiasi kabla hujageuka, kwa hiyo mimi hutumia maziwa baridi na kuuacha kwenye friji usiku. Usokote, upake yai, uoke kwa nyuzi 200, kiasi cha dakika 40.

Kuhusu Brezel, mkate mdogo wa fundo unaochovywa kwenye maji ya soda kabla ya kuokwa, naulizwa kila mara kama magadi yanafaa kwa maji hayo. Kwa tabia yake, ndiyo, ni aina ile ile ya soda. Lakini magadi yanayookotwa kaskazini mwa Tanzania huweza kuwa na floridi nyingi, ile inayoharibu meno ya watoto, kwa hiyo siyapendekezi. Tandaza soda ya kuokea kwenye trei, uichome ndani ya oveni kwa nyuzi 120 saa moja, itakuwa kali zaidi. Gramu 40 katika lita moja ya maji zinatosha. Vaa glavu. Soda kali ya kuzibulia mabomba au ya kutengenezea sabuni isikaribie kabisa unga wako.

Hatua ya 8: Nyama

Kenya soseji na bekoni za Farmer's Choice zinapatikana kwa urahisi. Tanzania, fanya urafiki na mwenye bucha la kitimoto, umweleze unataka nyama ya bega iliyosagwa mara mbili na mafuta kiasi cha robo. Ukitia chumvi gramu 18 kwa kilo, pilipili manga, kungumanga na majoramu kavu, umepata nyama ya Bratwurst hata kama huna utumbo wa kuijazia; iviringishe kwa mikono uikaange hivyo hivyo.

Katika nyumba ya Kiislamu usione kama umefungiwa mlango. Sauerbraten ni nyama ya ng'ombe iliyolala katika siki siku kadhaa, na Schnitzel (kipande chembamba kilichopakwa chenga za mkate na kukaangwa) ya kuku haina kasoro. Badala ya divai katika fondue, yaani jibini la kuyeyushwa la kuchovyea mkate, tumia maji ya tufaha na ndimu. Peremende za jelatini zikague, kwa kuwa nyingi hutumia jelatini ya nguruwe.

Kwa soseji ya Cervelat, Waswisi walitegemea utumbo wa ng'ombe wenye nundu kutoka Brazil, mpaka Ulaya ilipopiga marufuku uagizaji huo mwaka 2006 kwa hofu ya ugonjwa wa ng'ombe wazimu, na taifa zima likapata wasiwasi. Ng'ombe wa nundu ndio hawa hawa tulio nao. Mama mkwe wangu alipoliona kundi lao barabarani Chalinze, neno lake la kwanza lilikuwa Cervelat.

Hatua ya 9: Agiza kwa msafiri, kwa utaratibu

Mpe msafiri orodha fupi yenye majina ya Kijerumani na uzito, na fedha mapema. Omba vitu vikavu vilivyofungwa kiwandani. Nyama, jibini, mbegu na matunda viko chini ya mamlaka za afya ya mifugo na mimea, kwa hiyo ulizia vibali kabla, usimtie mgeni matatani uwanjani. Mwambie pia asifunge vitu kwa mifuko ya plastiki ya kubebea: Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019.

Viungo vya Lebkuchen usiagize. Karafuu, mdalasini, iliki na kungumanga vimejaa Zanzibar, na asali ya Tabora ina ladha nzito inayofaa kabisa kwa keki hiyo ya Krismasi. Kumwomba mtu abebe karafuu kutoka Nürnberg kuja Dar es Salaam ni kumchosha bure.

Mambo yakienda vibaya

*Kabichi ina utando mweupe juu.* Kama ni mwembamba na laini, ni hamira ya porini; uondoe na uendelee. Kama una manyoya, au una rangi ya kijani, nyeusi au waridi, mwaga mtungi wote.

*Quark haijitengi na maji.* Mtindi wako una vizito. Badilisha aina.

*Fondue imekatika, mafuta juu na donge chini.* Moto ulikuwa mkali. Rudisha kwenye moto mdogo, koroga kijiko cha wanga wa mahindi katika maji ya ndimu, umimine huku ukipiga kwa nguvu. Kwa jibini la huku, changanya lililokomaa na lile laini la kuyeyuka. Moja peke yake ama halina ladha ama halishikani.

*Spätzle zinayeyuka ndani ya maji.* Unga ni mwepesi. Ongeza unga kijiko kimoja kimoja, na ujaribu kipande kimoja kabla ya kumimina vyote.

*Zopf imetandaa kama chapati nene.* Imeumuka kupita kiasi, au hukukanda vya kutosha. Baada ya kusokota, iweke kwenye friji nusu saa kabla ya kuoka.

*Mkate unaota ukungu siku ya pili.* Unyevunyevu wa pwani ndio sababu. Ukipoa kabisa, ukate vipande, uweke kwenye friza, na utoe asubuhi vile tu mtakavyokula.

*Rösti inasambaratika ikigeuzwa.* Viazi vilikuwa vya moto au vilichemshwa siku ile ile. Mara nyingine chemsha jioni, na ukigeuza, ongeza kipande cha siagi pembeni mwa kikaango, usubiri dakika tano zaidi.